Mbwa wa Kilo 48, Mtoto wa Miaka 3 na Dada Anayebaki Nyumbani

SWALI

Daktari, salamu.

Tunaishi Utawala, Nairobi, kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia tuliyojenga mwaka juzi. Mwezi wa tatu wezi waliruka ukuta wa nyuma usiku, wakang'oa betri ya gari na mita ya maji, wakaenda zao. Hakuna aliyeamka. Tangu siku hiyo baba Zawadi hana neno lingine ila mbwa.

Amempata mmoja kwenye kituo cha kutunza wanyama waliotelekezwa. Ni dume aliyehasiwa, wa miaka minne au mitano. Wanasema ni chotara wa Boerboel, na mzani wao unasema kilo 48. Mwenyewe alihama nchi akamwacha. Tumekwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza alikuja akamnusa mume wangu mkono, akajilaza. Mara ya pili tulimkuta anakula. Mume wangu akachuchumaa karibu na bakuli, na yule mbwa akaacha kutafuna, kichwa kikabaki ndani ya bakuli, akanguruma. Mume wangu alicheka, akasema ndiye huyu tunayemtaka. Mimi nilirudi kwenye gari.

Nina watoto wawili, wa miaka 7 na wa miaka 3. Mimi na baba yao tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunarudi saa moja jioni kama barabara imetuhurumia. Anayebaki na mtoto mdogo ni dada wetu wa kazi. Ametoka Kwale, ni Mwislamu, na amesema wazi kwamba hataki mate ya mbwa yaguse nguo zake wala vyombo vya jikoni. Ni mtu mwema na sitaki kumpoteza kwa sababu ya mbwa.

Jirani naye ametuletea mtu anayejiita mwalimu wa mbwa. Anasema mbwa mzima hafunzwi, ila anaweza kumfanya mkali: afungiwe mchana kwenye banda lenye giza, afunguliwe saa nne usiku, na atiwe pilipili kwenye chakula.

Kituo kinataka jibu kufikia Jumamosi. Tumchukue? Anakula kiasi gani, na banda liweje? Halafu anaitwa Simba, na jirani wa kushoto ana Simba wake. Tunaweza kumbadilisha jina?

Mama Zawadi, Utawala

JIBU

Mama Zawadi, pole kwa wizi huo. Kuhusu Jumamosi: waambieni kwamba mnamtaka Simba, lakini mnaomba wiki tatu za kujenga na kumzoea. Kama kuna ada ya kumshikilia, lipeni. Kituo kinachojua kazi yake kitafurahi kusikia hivyo. Kikisema ni sasa hivi au basi, mwacheni. Mbwa wakubwa waliotelekezwa hawajawahi kwisha Nairobi.

Umeandika sana juu ya kunguruma, na tutafika huko. Lakini jambo zito zaidi kwenye barua yako ni lile la saa za kazi. Baba Zawadi anachagua mbwa atakayemwona usiku na Jumapili. Atakayeishi na mbwa huyo mchana kutwa ni dada, ana mtoto mgongoni, nguo za kuanika, na geti la kumfungulia mtu wa gesi. Mbwa mlinzi hulinda watu anaowahesabu kuwa wake. Kama dada hayumo kwenye hesabu hiyo, kila asubuhi mkitoka mnamwacha na mlinzi anayemwona yeye kuwa mgeni.

Kwa hiyo kaeni naye chini kabla hamjatoa hata shilingi, na mkae kumwuliza, si kumtangazia. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo si deko wala woga, ni dini yake, na linapangika. Bakuli, sufuria ya mbwa, ndoo na brashi vikae kwenye bomba la nyuma, visivuke mlango wa jikoni kamwe. Mbwa naye asiingie ndani ya nyumba. Baba Zawadi ndiye mwenye kulisha na kuosha bakuli, kabla ya kutoka na baada ya kurudi, kwa hiyo dada halishi wala haoshi. Kazi yake kwa mbwa ni moja na haina kugusana. Mara tano au sita kwa siku, akipita karibu na wavu wa banda, amwite jina, amwage punje chache za chakula kikavu kutoka kwenye kopo hadi kwenye karai lililo upande wa ndani, kisha aendelee na shughuli zake. Punje zipunguzwe kwenye chakula cha jioni ili mbwa asinenepe. Baada ya siku kumi hivi mtamwona Simba anainuka na kulegeza mwili akisikia kopo likitikiswa. Hapo ameshaingizwa kwenye hesabu.

Zimwagwe ndani ya karai, si chini. Wezi wa mji huu hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta, na mbwa aliyezoeshwa kuokota chakula ardhini ni rahisi kuuawa.

Dada akisema hapana hata baada ya hayo yote, basi ni hapana. Pesa za mbwa zipelekeni kwenye taa zinazowaka mtu akipita, king'ora, na waya wa stima juu ya ukuta wa nyuma.

Sasa kunguruma. Mbwa anayenguruma anasema: nimekuona, usisogee. Akipigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na siku ikifika anauma bila onyo, kwa hiyo kunguruma kwenyewe si kosa. La kutazamwa ni lile uliloandika kwa kupita, kwamba aliacha kutafuna na kichwa kikabaki ndani ya bakuli. Kuganda kwa namna ile ndiko kunakotangulia meno. Ni kweli kwamba kituoni mbwa hula huku wenzake wakiwa karibu, na ukimwongezea mgeni aliyechuchumaa, uso usawa wa bakuli, hata mbwa mpole atalinda chakula chake. Lakini mtu mzima aliyechuchumaa ana kimo cha mtoto wa miaka 3. Ndiyo maana hili linapimwa, halikisiwi.

Rudini siku ya kazi, kituo kikiwa kimetulia. Bebeni nyama iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, mmeikata vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole. Simba awe nyuma ya wavu, anakula. Baba Zawadi apite ubavu kwa umbali wa mita 3, bila kumkazia macho, naye mfanyakazi wa kituo anayemlisha kila siku adondoshe kipande ndani ya bakuli kupitia juu ya wavu. Wapite mara kumi. Kisha mita 2, mara kumi tena. Mkimwona ameinua kichwa na kulegeza masikio, anangoja kipande kijacho, hilo ni tatizo la kawaida na linatengenezeka. Kama anaganda hata kwa mita 3, anameza haraka haraka, weupe wa jicho unaonekana pembeni, au anaurukia wavu, basi si mbwa wa nyumba yenye mtoto mdogo, hata awe mzuri kiasi gani kwa mengine. Godauni lenye walinzi wazoefu litamfaa zaidi.

Mkiwa pale, maswali muulizeni huyo anayebeba ndoo ya chakula, si anayeshika karatasi. Simba amewahi kumkamata mtu nguo? Anaruka ukuta au anachimba chini yake? Anashikika masikio na miguu? Akifungwa kamba anatembea au anavuta? Mwombeni pia amtoe nje ya wavu mtembee naye dakika 20. Dume la kilo 48 linaloburuta mtu mzima litamburuta dada pia, siku banda litakapovunjika komeo.

Hata akifaulu, nyumbani atakula nyuma ya wavu uliofungwa, maisha yake yote, watoto wakiwa ndani. Bakuli linaondolewa baada ya dakika 20, mbwa akiwa ameitwa upande mwingine. Mifupa ya kuzagaa uani msiiruhusu, maana mfupa uliofichwa chini ya mti wa mpera ni bakuli ambalo mtoto halioni.

Yule mwalimu wa jirani mpeni chai, aende zake. Pilipili haimfanyi mbwa mkali. Inamuunguza tumbo na kumharisha. Giza nalo linamfanya mwoga, na mbwa mwoga mwenye uzito huo ni hatari kuliko mkali. Aliyefungiwa mchana kutwa hajui kilio cha mtoto aliyeanguka, hajui shuka likipepea kwenye kamba, hajui mtu wa gesi. Akitolewa saa nne usiku, kila kinachosogea ni adui, na kwenye boma lenu kinachosogea mara nyingi ni nyinyi wenyewe. Boerboel ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, aliyefugwa kwa kulinda watu na mifugo. Ulinzi umo damuni na hauhitaji kuongezwa kitu. Mwizi wa betri anahesabu dakika. Akisikia sauti nzito inamfuata upande wa pili wa ukuta, anahamia ploti nyingine. Simba hahitaji kumng'ata mtu ili muitumie kazi yake.

Ratiba ninayoipendekeza ni kinyume cha ya mwalimu: usiku awe huru boma zima, mchana awe kwenye uzio wake anaoona kila kitu, na atolewe kwa kamba na mmoja wenu nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Mnyororo msiutumie. Mbwa wa mnyororo hana pa kukimbilia akiogopa, ndiyo maana huruka juu ya kila anayeingia kwenye duara lake, na watoto hawajui duara linaishia wapi.

Boma lenyewe. Futi hamsini kwa mia ni kama mita 15 kwa 30, na mkitoa nyumba na maegesho mnabaki na nafasi nzuri. Ukuta uwe mita 1.8 kwenda juu, na upande wa nyuma ondoeni tangi kuukuu, matofali na kila kitu ambacho mbwa atakipanda kama ngazi (mwizi naye vilevile). Geti la vyuma lenye mapengo lizibwe kwa mabati tangu chini hadi mita 1.2, na pengo la chini lisizidi sentimita 10. Watu husema mbwa aone barabara ndipo alinde. La hasha. Mbwa anayeona kila bodaboda inayopita hufanya mazoezi ya hasira siku nzima, na mtoto wa jirani ataingiza mkono. Mkiwa na uwezo, jengeni geti dogo la pili mita 2 ndani ya lile kubwa. Msoma mita, mtu wa gesi na mama wa mboga waishie hapo katikati. Hicho ndicho kitu kimoja kinachopunguza kuumwa kwa watu kuliko mafunzo yoyote. Kibao cha "Mbwa Kali" wekeni, na mkiweza andikeni Mbwa Mkali, ingawa Nairobi nzima imeshazoea kosa lile. Kinaonya, lakini hakilipi bili ya hospitali ya mtu aliyeumwa.

Uzio wa banda uwe mita 3 kwa 4, wavu wa chuma uliochomelewa, urefu mita 1.8, komeo upande wa nje na juu, mtoto asilifikie. Ujengwe mbali na ukuta wa barabara kwa sababu ya ile nyama yenye sumu. Sakafu ya saruji yenye mteremko kidogo, maji yasituame. Ndani yake kijumba cha kulala cha mbao: urefu mita 1.2, upana sentimita 90, kimo mita 1, mlango sentimita 45 kwa 70. Kikubwa kuliko hapo hakimpi joto, na usiku wa Julai Utawala una baridi ya kweli. Sakafu ya kijumba iinuliwe sentimita 15 kutoka chini. Kijumba cha mabati matupu kinachoma mchana na kugandisha usiku; mabati yawe paa tu, na chini yake dari ya mbao.

Mwambieni fundi azibe kila ufa kwenye mbao na kwenye ukuta ulio karibu. Hili mafundi hulidharau. Kupe wa kahawia wa mbwa akishiba huanguka, hupanda ukutani, hujificha kwenye nyufa, na jike mmoja hutaga mayai maelfu humo. Ndiyo maana watu huogesha mbwa dawa kila wiki na kupe hawaishi: wanatibu mbwa na kuacha nyumba ya kupe. Nyunyizeni dawa ya kupe kwenye kuta na nyufa mbwa akiwa nje, arudi zikishakauka kabisa. Kwa mbwa mwenyewe, kidonge cha kupe kulingana na kilo zake, cha mwezi mmoja au cha miezi mitatu, kina kazi kuliko kuogesha. Dawa ya ng'ombe ya josho msimmiminie kwa kukisia kwa kifuniko; mbwa wengi hupelekwa kwa daktari wakitetemeka kwa sababu hiyo.

Maana kupe hawawashi tu. Mwombeni daktari apime damu ya Simba kwa homa ya kupe kabla hajatoka kituoni au ndani ya wiki ya kwanza, kwa sababu aina moja hukaa kimya mwilini kwa miezi. Dalili ni fizi zilizopauka, kukataa chakula, damu puani, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Daktari huyohuyo amwangalie nyonga: mtazameni akiinuka kutoka saruji asubuhi, kama anajisukuma kwa miguu ya mbele na kuburuta ya nyuma, ana shida. Aangalie pia uume kama kuna uvimbe unaotoa damu. Ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, mbwa wa Nairobi wanayo sana, na hutibika kwa sindano za kila wiki. Kuhasiwa hakuondoi uvimbe ulioanza zamani.

Karatasi ya chanjo isomeni, msiipokee tu. Iwe na kibandiko cha chupa ya chanjo, tarehe, sahihi na mhuri wa daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka, na kaunti inataka mbwa awe na leseni. Karatasi ikiwa na mwandiko tu bila kibandiko, mchanjeni upya, hakuna madhara. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Vidonge vingi vya agroveti ni kimoja kwa kilo 10, maana yake Simba ni karibu vitano. Kumpa kimoja kwa kuwa "ni mbwa mmoja" ni kosa la kila siku, na minyoo haifi.

Chakula. Mbwa wa kilo 48 asiyefanya kazi ngumu anahitaji kama gramu 550 za chakula kikavu kizuri kwa siku, yaani gunia la kilo 20 huisha ndani ya siku 36 hivi. Maji lita 2.5 hadi 3, zaidi wakati wa jua. Mkitaka kumpikia, kipimo cha siku ni unga gramu 400 kabla ya kusonga, matumbo au omena iliyochemshwa gramu 500, sukuma wiki au karoti konzi mbili, mafuta kijiko kikubwa kimoja, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini kijiko kimoja cha chai kwa ajili ya mifupa yake. Ugali mtupu na mchuzi wa jana haulishi mbwa mlinzi. Unampa tumbo kubwa na manyoya yaliyofifia. Mchuzi wenyewe una vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo.

Juu ya unga nitasema zaidi, maana watu hupenda kununua ule wa bei ya chini "wa mbwa". Mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumu ya aflatoksini. Ndiyo iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na ini la mbwa huivumilia kidogo sana. Unga ambao msingeusonga mezani, msimsongee Simba.

Chakula kigawanywe mara mbili, na asikimbizwe saa moja kabla wala saa moja baada ya kula. Mbwa wenye kifua kirefu hupata ugonjwa wa tumbo kujaa hewa na kujipinda. Utaliona tumbo limevimba kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu ila povu, hatulii. Hiyo ni safari ya kwa daktari saa hiyohiyo, usiku wa manane pia. Namba ya daktari anayepokea usiku ibandikeni ndani ya mlango wa jikoni, dada naye awe nayo. Vilevile kwa sumu: mate mengi, kutetemeka, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Maziwa, ambayo kila jirani atawashauri, hayaondoi sumu, na mbwa anayetetemeka atayavuta mapafuni. Mpakieni garini na kipande cha nyama kilichobaki mkibebe kwenye mfuko.

Akishafika nyumbani, mtegemee awadanganye. Siku tatu za kwanza huenda asile, asibweke, alale tu, nanyi mtasema mbwa gani huyu aliyepoa hivi. Mlisheni chakula kilekile cha kituo kwa wiki nzima, kisha mchanganye kipya robo kwa robo kila siku mbili. Wageni msiwaite kumwona. Kati ya wiki ya pili na ya nne ndipo anapoanza kuona boma ni lake, na ndipo watu wengi huumwa, kwa sababu familia imeshalegea na mbwa ndiyo kwanza ameanza kazi. Muda huo wote watoto wasiwe naye upande mmoja wa wavu isipokuwa mtu mzima ameshika kamba, na mtu mzima wa pili ameshika mtoto. Kukumbatia mbwa shingoni, kumwamsha, kumfuata kijumbani: hapana, hata kwa yule wa miaka 7, hata baada ya mwaka.

Akibweka usiku, mmoja wenu atoke na tochi aangalie, aseme "vizuri, basi", amwite na ampe punje mbili kwenye karai. Mkimfokea dirishani anadhani nanyi mnabweka naye.

Ikitokea amemng'ata mtu na ngozi imechanika, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama Simba ana karatasi zote. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe na daktari amtazame siku 10; akibaki mzima, hakuwa na kichaa siku aliyouma. Akiuawa siku ya kwanza mnapoteza njia hiyo rahisi ya kujua.

Jina linabadilika, na mbwa hanuni. Chagueni lenye silabi mbili lisilofanana na neno mnalolitumia kila saa pale nyumbani. Zawadi akiwa karibu, Zuri halifai. Kwa wiki mbili semeni jina jipya kwanza na la zamani nyuma yake, Tembo-Simba, kisha punje kwenye karai. Wiki ya tatu la zamani liachwe. Mkisikia jirani wa kushoto anaita Simba wake na wenu ameinua sikio moja tu na kurudi kulala, limeshika.